Akianguka Mkwezi, Nani Analipa?

Mtu akidondoka kutoka urefu wa mita 10, hutua chini baada ya sekunde moja na nusu hivi, kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa. Mnazi mrefu wa pwani yetu hufika mita 20 na kuzidi, na anayeanguka kutoka kileleni mwake hugonga ardhi kwa kasi ya kilomita 70 kwa saa. Hizo ni kasi za gari, na kwa ajili ya gari tumeweka leseni, mkanda, bima ya lazima na askari wa kukagua. Anayepanda mti kwa ujira hana leseni, mara nyingi hana mkanda, na bima hana kabisa.

Kila ajali ya namna hii inapotokea, maelezo huwa yale yale: alikuwa mzembe, alikuwa amechoka, siku yake ilikuwa imefika. Maelezo hayo hutuliza waliobaki, lakini hayasaidii kuzuia ajali ya kesho. Ukiitazama kazi hii kwa makini, utaona kwamba hatari yake imejengwa na mambo mawili ambayo mpandaji hana mamlaka nayo: namna anavyolipwa, na namna sheria inavyomtambua. Ulinzi wa mfanyakazi katika nchi zetu umefungwa kwenye ajira. Watu hawa hawana ajira, wana kazi.

Wanaoishi kwa kupanda

Kundi la kwanza ni wakwezi. Kuanzia Lamu hadi Mtwara, nazi haishuki yenyewe kwa wakati unaotakiwa na mwenye shamba. Lazima aende mtu kuiangua, kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mkwezi hupanda miguu mitupu, akikanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina au akiwa na kitanzi cha kamba miguuni, panga likiwa kiunoni. Kazi ya shinani, kwa aliyezoea, ni ya pumzi na nguvu za mapaja. Penye mtihani ni pale juu, anapotoka kwenye shina na kuingia katikati ya makuti. Hapo huachia shina alilokuwa amelikumbatia na kuutegemeza uzito wake wote kwenye bua la kuti alilolichagua kwa macho na kwa mkono. Bua bichi humhimili. Lililoanza kukauka huchomoka, na tofauti kati ya hayo mawili, ukitazama kutoka chini juani, haionekani. Akishaketi ndipo achomoe panga, akate kole kwa mkono mmoja na mwingine ajishikilie.

Huko juu hayuko peke yake. Kuna majimoto, wale chungu wanaoshona majani kuwa viota. Watafiti wa mpango wa taifa wa kuendeleza minazi, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1979, walithibitisha kwamba majimoto humlinda mkulima: huwafukuza wadudu wanaofyonza nazi changa na kuziangusha kabla ya wakati. Kwa hiyo mkulima anashauriwa awaache. Ushauri ni mzuri kwa mavuno, lakini anayeulipia kwa kuumwa machoni na shingoni akiwa mita 20 juu ni mkwezi. Mgema naye yumo katika kundi hili, na yeye hupanda mti ule ule asubuhi na jioni, kila siku, na kotama yake na kibuyu chake. Hatari ambayo mkwezi huikabili mara chache kwa mwaka katika mnazi mmoja, mgema huikabili mamia ya mara.

Kundi la pili ni wachumaji karafuu wa Unguja na Pemba. Karafuu huchumwa kabla vitumba havijafunguka, kwa hiyo msimu ukifika kazi haingoji mtu. Vikonyo vyenye karafuu viko nchani mwa matawi, na matawi ya mkarafuu hukatika ghafla bila kulia. Mchumaji analipwa kwa pishi. Pishi nyingi ziko kwenye ncha, na ncha ndiyo isiyomhimili.

Kundi la tatu ni wakata miti wa mijini. Mwembe umeinamia bati, mwarobaini umeingia kwenye nyaya, mkungu unapasua ukuta wa jirani. Masika yakikaribia, simu zao huanza kuita. Huja na chenso, mara nyingi ya kukodi, kamba ya katani au ya nailoni, na vijana wawili watatu wa kuvuta na kukusanya matawi. Bei hupangwa getini, na pengine magogo huhesabiwa kuwa sehemu ya malipo. Hawa ndio wenzao wa Uingereza na Marekani huitwa madaktari wa miti, hulipwa kama mafundi na husomea kazi yao.

Kinachoua ni nini

Kuanguka kunaongoza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu waliovunjika uti wa mgongo kaskazini mashariki mwa Tanzania ulikuta kuanguka ndiko chanzo kikuu, mbele ya ajali za barabarani. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wanaume, ambao ndio kwa kawaida hutumwa juu ya mti na juu ya paa.

Ila kuanguka kuna sababu zake, na nyingi ziko ndani ya mti. Mnazi uliouawa na maradhi, au uliotobolewa na mdudu chonga, hubaki umesimama huku nguvu zake zimekwisha. Mwembe wa miaka mingi huwa na uwazi ndani ya shina ambao hauonekani mpaka ugongwe usikilizwe. Waingereza wamejifunza hili kwa gharama: ugonjwa wa miti iitwayo ash uliothibitishwa nchini mwao mwaka 2012 hufanya matawi yawe makavu na ya kuvunjika vunjika, na wakata miti wao sasa wanaelekezwa watumie jukwaa la kuinuliwa na mashine badala ya kuupanda mti uliougua. Kanuni iliyomo ndani yake inatufaa hata sisi tusio na jukwaa: mti uliokufa haupandwi. Huangushwa kutoka chini, kwa kamba, au huachwa.

Wa pili ni umeme. Katika mitaa yetu hupita nyaya za kilovolti 11 na 33, nyingi zikiwa tupu, bila ngozi ya kuzuia. Si lazima mtu aziguse. Tawi bichi lililolowa mvua likiegemea waya hupitisha umeme hadi kwa aliyelishika, na panga au ngazi ya chuma hufanya vivyo hivyo. Viwango vya usalama vya Marekani humtaka asiye na mafunzo maalumu ya umeme akae angalau mita 3 kutoka kwenye nyaya kama hizi, yeye pamoja na kila alichokishika. Kwa mti ulioingia ndani ya nyaya, umbali huo haupatikani. Njia iliyobaki ni moja tu: umeme ukatwe kwanza na shirika lenyewe. Lakini kuomba, kungoja na kufuatilia huonekana ni usumbufu, na kijana aliye tayari kupanda sasa hivi yuko mlangoni.

Wa tatu ni chenso. Mnyororo wake hukimbia mita 20 na zaidi kwa sekunde. Pembe ya juu ya ncha ya upanga wake ikigusa gogo, mashine yote huruka nyuma kuelekea uso au shingo ya aliyeishika, na hakuna binadamu mwepesi wa kuikwepa. Ndiyo maana breki ya mnyororo haitakiwi kufungwa kwa waya, na ndiyo maana ni marufuku kuitumia kwa mkono mmoja juu ya mti. Suruali maalumu za kazi hii zina tabaka za nyuzi ndefu ndani. Mnyororo ukizigusa, nyuzi huchomoka na kujisokota kwenye gurudumu la mashine mpaka izime. Fundi wetu amevaa jinzi na kandambili. Tena kuna madhara yasiyotoa damu: kelele inayoua masikio polepole, na mtetemo unaofanya vidole vife ganzi na kupauka, jambo ambalo halirudi nyuma likishakomaa.

Wa nne ni tawi lenyewe. Tawi kubwa likikatwa mara moja kutoka juu, hupasuka likiwa bado limeshikwa na gamba la chini, likachana shina, kisha likayumba kumfuata aliyelikata. Fundi anayejua hulikata mara tatu. Kwanza huanzia chini, hatua moja kutoka shinani, kwa mkato mfupi. Kisha hukata kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, tawi lianguke bila kuvuta gamba. Mwisho huondoa kisiki kilichobaki, nje tu ya ule uvimbe ambapo tawi huungana na shina. Waliosimama chini nao wanahitaji nafasi: mti mzima ukiangushwa, asiyehusika hatakiwi kuwa karibu kuliko urefu wa mti huo mara mbili. Katika uwanja wa nyumba ya Kinondoni au Likoni nafasi hiyo haipo, na watazamaji ndio kwanza wanasogea.

Juu ya yote manne kuna pengo la tano. Methali inatuambia aliye juu tumngoje chini, lakini aliyejeruhiwa juu ya mti akingojwa, hufa. Akining'inia kwenye mkanda akiwa amezimia, dakika chache zinatosha kuhatarisha maisha yake. Kwa hiyo, penye utaratibu, haruhusiwi mtu kupanda kama chini hakuna mwenzake anayeweza kumfuata akiwa na vifaa vyake tayari. Kwetu, aliyeanguka hubebwa mikono na miguu na kupakiwa kwenye bajaji. Uti wa mgongo uliokuwa umepata ufa tu huweza kukatika hapo.

Ujuzi upo, bei ndiyo inayoufukuza

Utunzaji wa miti ni taaluma yenye zaidi ya karne. John Davey, mzaliwa wa Somerset, Uingereza, alihamia Ohio, na mwaka 1901 akachapisha kitabu kuhusu tiba ya miti. Kampuni aliyoiacha bado inafanya kazi. Chama kilichokuja kuwa cha kimataifa cha taaluma hii kilianza Marekani mwaka 1924. Baadaye Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa chenso ili aone ndani, akaonyesha kwamba mti hauponi jeraha kama mwili wa mtu unavyopona. Mti hulizungushia ukuta sehemu iliyooza na kuendelea kukua nje yake.

Ugunduzi huo unahusu usalama moja kwa moja. Wenye nyumba wengi huagiza mti ukatwe kichwa chote, ubaki shina na vigutu. Vigutu huoza, na machipukizi yanayotoka hapo huwa mengi, mazito na yaliyoshikilia juu juu tu. Baada ya miaka michache mtu ataitwa tena apande juu ya uozo ule, akanyage machipukizi yale. Mkato mbaya wa leo ni ajali iliyowekwa akiba.

Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1998 zinataka vifaa vya kupandia vikaguliwe na mtu mwenye ujuzi kila baada ya miezi sita, na mwongozo wa sekta yao sasa unataka mpandaji awe na kamba mbili zilizofungwa mahali pawili tofauti. Hayo si maarifa ya ajabu. Mafundi wetu wakielezwa huyaelewa kwa siku moja, na mengi wanayajua tayari. Kwa nini basi hawayafuati?

Jibu liko getini, kwenye mapatano. Mwenye nyumba hununua mti uliolala chini; hanunui namna ulivyoshushwa. Fundi wa kwanza anataja bei yenye kamba mbili, msaidizi wa pili na nusu siku ya kungoja umeme ukatwe. Wa pili anataja nusu ya bei hiyo na anaanza sasa. Anayepata kazi ni wa pili, na wa kwanza akishakosa kazi mara tatu mfululizo, ataacha kamba nyumbani. Mkwezi anayelipwa kwa mnazi yuko katika hesabu hiyo hiyo: anayejifunga vizuri hupanda minazi michache kwa siku, kwa hiyo uangalifu humkata mshahara. Mfumo wa malipo unaomwadhibu mwangalifu hauwezi kurekebishwa kwa semina.

Wapo watakaosema: hawa wamezoea, baba zao walipanda na babu zao walipanda. Ni kweli kwamba uzoefu humfundisha mtu kuti la kushika. Lakini uzoefu hauoni ndani ya shina lililooza, wala haupunguzi umeme ulio kwenye waya. Na tunapowataja wakwezi wazee kuwa ushahidi, tunawahesabu waliobaki tu.

Sheria inamtafuta mwajiri

Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyozaa Mfuko wa WCF. Michango ya mfuko huo hutolewa na mwajiri bila kumkata mfanyakazi. Kenya ina sheria mbili za mwaka 2007, moja ya usalama kazini na nyingine ya fidia, ambayo kwa kifo cha mfanyakazi hutaka familia ilipwe mshahara wa miezi 96. Ni sheria nzuri, na zimeokoa familia nyingi.

Lakini zote zinaanza na swali moja: mwajiri ni nani? Mkwezi anaweza kuwa na wenye mashamba watano kabla ya adhuhuri, na jioni hana hata mmoja. Mkata miti wa mjini anaonekana ni mkandarasi wa saa tatu. Mwenye nyumba hajawahi kujihesabu kuwa mwajiri, hajasajiliwa popote na hana mfuko anaouchangia. Kisheria, mpandaji amekalia kuti kavu: akiumia, hakuna mlango wa kubisha.

Bima ya afya inasaidia kwa sehemu. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ikaanza mfumo wake mpya wa SHA mwaka 2024. Hizo zinaweza kumlipia aliyevunjika mgongo kitanda na upasuaji. Haziwalishi watoto wake katika miaka ambayo hatapanda tena, na kwa kazi hii miaka hiyo huenda ikawa yote iliyobaki.

Ulinzi ufuate mti

Njia ya kutoka hatuna haja ya kuibuni upya. Zanzibar, karafuu yote huuzwa kwa ZSTC, shirika la biashara la taifa, na shirika hilo limekuwa likiwalipa fidia wachumaji wanaoanguka mikarafuuni. Fedha ile haiwezi kumrudishia mtu miguu yake, lakini jambo la kuangalia ni mantiki yake. Hakuna anayeuliza kama mchumaji alikuwa na barua ya ajira. Inaulizwa kama alianguka kwenye mkarafuu. Ulinzi umefungwa kwenye zao, na zao lina mlango mmoja wa kupitia.

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, jimbo la Kerala lilifika mahali ambapo wakwezi wazee wameacha kazi na vijana hawaitaki, nazi zikibaki juu. Mwaka 2011 Bodi ya Maendeleo ya Nazi ya India ilianza kuwafundisha vijana, wanawake wakiwemo, kupanda kwa kifaa cha chuma kinachobana shina, na ikawaingiza wakwezi katika bima ya ajali iliyotengenezwa kwa ajili yao. Huko pia haikutafutwa kampuni yenye kuajiri. Ilisajiliwa kazi yenyewe.

Basi swali la sera ni hili: kazi ya kupanda miti hupitia mlango gani kwetu? Kwa nazi kuna vyama vya ushirika, na kuna ushuru wa mazao ambao halmashauri hukusanya. Sehemu ndogo ya ushuru huo inaweza kununua bima ya ajali ya kundi kwa wakwezi waliosajiliwa kijijini. Kwa wakata miti wa mijini kuna milango miwili. Mmoja ni mashirika ya umeme, ambayo hulipa watu wakate matawi kwenye njia za nyaya: yanaweza kukataa kumpa zabuni asiye na bima, vifaa na mpango wa uokoaji. Wa pili ni kibali cha kukata mti, ambacho halmashauri nyingi na kaunti hukitaka tayari. Upande wa ujuzi, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mitaani. Mpandaji wa miti anastahili kuingizwa humo kama fundi seremala na mwashi.

Kuna hofu ya haki hapa. Kurasimisha kazi za maskini kumewahi kuwa njia ya kuwafukuza: vibali hugeuka rushwa, ada humshinda mnyonge, na kazi humwendea mwenye kampuni. Kwa hiyo mpangilio wa hatua ni muhimu. Kwanza bima na mafunzo, bila ada na bila faini. Kisha masharti, yaanzie kwa wateja wakubwa wenye uwezo: hoteli, shule, taasisi za dini, ofisi za serikali. Mwenye chenso ya kukodi awe wa mwisho kuadhibiwa na wa kwanza kufundishwa.

Mteja wa kawaida naye hana sababu ya kungoja bunge. Anaweza kulipa kwa siku badala ya kwa mti. Anaweza kuomba umeme ukatwe kabla ya kumwita fundi, si baada. Anaweza kukataa mti wake kukatwa kichwa, kuwaondoa watoto uani, na kumuuliza fundi nani atampandia akikwama. Fundi anayeulizwa hivyo hujua kwamba usalama wake umo katika bei, na hana haja ya kuuficha.

Lakini mzigo mkubwa uko kwa wanaotoa vibali. Ofisi inayotoa kibali cha kukata mti tayari inajua mti uko wapi, nani anautaka uondoke, na siku gani. Kinachokosekana katika fomu ni mstari mmoja: jina la atakayepanda na namba ya bima yake. Mstari huo uongezwe, na ada ya kibali ilipie bima ya siku hiyo kwa asiyekuwa nayo.